Alama za Bwana Fisi na Mnazi wa Komba

— Wenye masikio mpo?
— Tupo, na yako wazi.
— Niwape ya kweli au ya uongo?
— Tupe ya uongo, ya kweli tunayo nyumbani.
— Basi sogeeni.

Hapo kale, wanyama wote wa Minazi Mirefu walikuwa wagema. Nyati aligema, Ngiri aligema, Digidigi aligema, na Komba aligema. Usiniulize Nyati alipandaje mnazi, mimi sikuwapo. Kila siku ya gulio walileta vibuyu vyao vya tembo la mnazi, na kila siku ya gulio waligombana. "Langu ndilo tamu." "Lako siki hilo, langu ndilo." Mpaka wakachoka.

Siku moja Nyati akasema, "Jamani, tutafute mwonjaji. Nani kati yetu anajua ladha kuliko wengine?"

Wakafikiri. Fisi hula nyama, hula mifupa, hula ngozi, hula hata kamba iliyofungia ngozi. Wakasema, aliyekula kila kitu bila shaka anajua ladha ya kila kitu. Hivyo ndivyo Fisi alivyopata kazi.

Na kazi aliifanya. Akiletewa kata ya tembo, kwanza alinusa: nfu, nfu. Akavuta: fyooo. Akazungusha kinywani: gulu-gulu-gulu. Kisha akafumba macho na kusema, "Nasikia moshi wa makumbi. Nasikia umande. Na kwa mbali, mbali kabisa, nasikia mbuzi aliyepita jana." Wanyama wakatazamana kwa heshima. Hapo Fisi alikwangua kibuyu kwa jino, kwaru, kwaru, alama moja, alama mbili, mpaka kumi.

Kibuyu cha alama nyingi kiligombaniwa. Kibuyu cha chini ya tano hakikuguswa. Aliachiwa Fisi akakimwage. Alikwenda kumwaga akitembea vizuri, akarudi anayumba. Na mgema aliyepata chini ya tano kwa magulio matatu mfululizo, mnazi wake alipewa Fisi auuguze. Minazi saba ilikuwa ikiuguzwa tayari. Hakuna uliowahi kupona.

Sasa Komba, mdogo kuliko wagema wote, alikuwa na mnazi mmoja tu, alioachiwa na mama yake. Gulio la kwanza, nfu, nfu, fyooo, gulu-gulu-gulu, kwaru, kwaru: alama mbili. Gulio la pili, nfu, nfu, fyooo, gulu-gulu-gulu, kwaru, kwaru: alama mbili.

Limebaki gulio moja.

Komba akakaa chini ya mnazi wake na kibuyu chenye alama mbili. Akaonja. Likamshinda. Tembo lile lile alilolipenda tangu utotoni, leo aliliona chachu, tena lina harufu ya chura. Akasema, "Kumbe Bwana Fisi ni mkweli."

Akapita Bi Kobe, jirani yake, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka.

"Komba mwanangu, una nini hapo? Nina kiu."

"Ni baya, bibi."

"Nimekuuliza kama ni baya? Nimekuambia nina kiu."

Akanywa kata moja. Akanywa ya pili. Akajilamba. "Tamu. Lina ukali kidogo mwishoni, ndivyo ninavyopenda."

"Bibi, hukuona? Kibuyu kina alama mbili."

"Miye kata yenyewe naiona kwa shida, nitaona alama? Nitilie tena."

Komba akamtilia, naye akaonja tena, safari hii akiwa amefumba macho. Lilikuwa tamu. Harufu ya chura imekwenda. Akacheka peke yake, hi-hi-hi, akaingia kazini.

Siku ya gulio la tatu, Komba alitangulia mbele ya wote na mtungi mkubwa uliofunikwa jani.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Mbona watu wana maneno?"

"Maneno gani?"

"Wanasema unatazama kibuyu cha nani kabla ya kuonja. Mimi nimewaambia waongo hao. Nimewaambia pua ya Bwana Fisi haihitaji macho. Ungefungwa kitambaa ungewaaibisha. Tena nimeandaa kata kumi zilizojaa, lakini kama unaona nyingi…"

"Nani kasema nyingi? Nifunge."

Akafungwa kitambaa, fyu, kikakazwa. Komba akaweka kidole mdomoni, wanyama wote wakanyamaza. Akachota kata ya kwanza mtungini.

Nfu, nfu. Fyooo. Gulu-gulu-gulu. "Hili la Nyati. Nasikia nguvu. Tisa."

Komba akachota mtungi ule ule. Nfu, nfu. Fyooo. "Hili la Ngiri. Lina tope kidogo. Sita."

Komba akachota mtungi ule ule. Nfu, fyooo. "Pfu. Hili la Komba. Hata ningekuwa maiti ningelijua. Mbili."

Akachota mtungi ule ule. "Hili geni. Mgema wake ni mtu mkubwa. Kumi."

Ilipofika kata ya kumi, Fisi hakunusa tena. Alisema tu, "Lete."

Kitambaa kikafunguliwa. Fisi akatazama huku, akatazama kule. Mtungi mmoja. Nyati akauliza taratibu, "Bwana Fisi, lile langu la tisa umelitoa wapi? Mimi vibuyu vyangu bado sijavitua."

"Alama za leo hazihesabiwi," akasema Fisi.

"Sawa," akasema Komba. "Na za jana?"

Ngiri akakohoa. Digidigi, ambaye mnazi wake Fisi aliuuguza miaka miwili, akaondoka bila kuaga, akaenda kuukwea.

Komba alibaki na mnazi wake. Siku ile kila mmoja alionja mwenyewe, na hawakupatana hata kidogo: Ngiri alipenda chachu, Bi Kobe alipenda kali, Nyati, kwa ukubwa wake wote, alipenda tembo la asubuhi, tamu kama maziwa. Gulio likachangamka.

Fisi alikaa pembeni. Komba akampelekea kata.

"Na wewe, Bwana, unapenda lipi?"

Fisi akaipokea kata. "Sijawahi kuulizwa," akasema. Akanywa polepole. "Hili. Nadhani hili."

Basi, wapenzi, ngano hii yatufundisha kuwa ulimi wa mtu ni mwongo mkubwa. Usiuamini. Kabla hujasema chakula kimekupendeza, kaulize kwanza kimepewa alama ngapi, ndipo ushibe.

Nami nimepanda, nimegema, nimeshuka. Ukiiona tamu, nenda nayo. Ukiiona chachu, iache hapa hapa, nitainywa mwenyewe.