Fyuga ya Mwalimu Kiangi

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda, na wenye kesi yenyewe hawastahili hata kupewa kiti.

Ni ndugu watatu wa Usangi, kule juu milimani Upareni, watoto wa Mwalimu Kiangi. Nakiete, binti wa kwanza, alisoma muziki kama wengine wanavyosoma gazeti. Elinaza, wa pili, alikuwa seremala, ubao ulimtii. Tumsifu, kitinda mimba, alikuwa na vidole vya gitaa. Vipaji walijaliwa. Kuheshimiana hawakujua, na hilo walilitoa kwa baba yao.

Mwalimu huyo alifundisha kwaya maisha yake yote, lakini alichokipenda ni muziki wa Baroko, ule wa Ulaya ya karne tatu zilizopita, upigwe kwenye gitaa. Gitaa la arusini, la kuparaza nyuzi zote kwa pamoja, aliliita kukuna nazi. Na wanawe wote, kwake yeye, walikuwa wakuna nazi.

Masikio yake yalipoanza kufa, aliwaita. Alisema ipo fyuga moja aliyoisikia ujanani, yenye sauti tatu zinazofuatana na kupokezana wimbo mmoja, wala hajaisikia tena.

"Atakayenifanya niisikie kwenye gitaa langu, gitaa ni lake," alisema. "Lakini nawajua. Mtanikunia nazi."

Gitaa lenyewe lilikuwa limepasuka uso na kupinda shingo, na muziki ule uliandikiwa luti, chombo cha kale chenye nyuzi nyingi kuliko gitaa.

Nakiete akaanza. Muziki ulivyoandikwa kwa luti, mkono wa mpiga gitaa haufiki. Akauhamishia wote kwenye gitaa, akashusha noti hii, akapandisha ile, hadi kila sauti ikapata njia yake bila kuikanyaga nyingine. Masika nzima ilimwishia hapo. Wadogo zake walisema dada anahamisha vitone tu kwenye karatasi. Akawajibu kwamba hawajui hata wanachokicheka.

Elinaza akalifungua gitaa. Ndani alikuta vijiti vinavyoshikilia uso vimeoza. Akachonga vingine vyembamba, akaziba ufa, akainyoosha shingo. Dada yake alisema hiyo ni kazi ya mtengeneza vigoda. Elinaza akasema basi fyuga ipigwe kwenye kigoda.

Tumsifu akaacha bendi ya arusi iliyokuwa ikimpa jina. Ilibidi kidole gumba kiimbe sauti moja na vidole vingine viimbe mbili, kila moja ikienda kwa hiari yake. Kucha zilivunjika, zikaota, zikavunjika tena. Kaka na dada walimwita kasuku: anarudia alichoandikiwa, kwenye kitu alichotengenezewa.

Siku ikafika, Jumapili mchana baada ya ibada. Mzee alikuwa hasikii tena mpaka umpigie kelele. Tumsifu alipoanza, mzee alikunja uso, hakuna kilichomfikia. Akasogeza kiti, akainama, akaegemeza taya kwenye ubao wa gitaa, akaashiria aanze upya.

Sauti ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaipokea. Ya tatu ilipoingia chini kwenye besi, mzee alifumba macho, na machozi yakamtoka. Wimbo ulipokwisha hakuinua taya hadi ubao ulipotulia kabisa. Ndipo akasema:

"Kumbe nina mtoto."

Mtoto. Hakusema watoto.

Tumsifu alimuuliza ni yupi, hakusikia. Nakiete akaliandika swali nyuma ya karatasi ya muziki, akampa. Mzee akalisoma, na ile dharau yake ya zamani ikamrudia usoni.

"Mwenyewe anajijua," alisema. "Gitaa ni lake."

Mahindi hayajakauka shambani, akafariki, bila kuongeza neno.

Siku ya matanga kila mmoja alikuwa anajijua. Nakiete alisema baba alilia sauti ya tatu ilipoingia, na njia ya sauti ile aliitafuta yeye. Elinaza alisema baba hakusikia kwa masikio, alisikia kwa ubao, na ubao ni wake. Tumsifu alisema karatasi hailii, wala ubao haulii, mpaka mtu aupige.

Wazee wa ukoo walipendekeza walitumie gitaa kwa zamu. Wote watatu walicheka. Ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana. Sasa gitaa limefungiwa kwa mchungaji, na ndugu hao hawasalimiani.

Kama ni tabia, mimi nisingempa yeyote hata uzi mmoja. Lakini kesi si ya tabia. Mwondoe mmoja wao, yeyote yule, na mzee anakufa bila kusikia kitu. Na msinijibu kwamba likatwe vipande vitatu, hilo ni jibu la mvivu. Baba alisema mtoto.

Haya, wewe uliyekaa hapo kimya: mtoto huyo ni nani, na gitaa ungemkabidhi yupi?