Sultani wa Pili Ndani ya Kompyuta

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Burhani, aliyetaka awe peke yake duniani na hata ndani ya kompyuta. Msinicheke mimi, mchekeni yeye. Aliamuru mji wake wote wa Tumbini uendeshwe na mfumo mmoja, uliotungwa na fundi wa jumba, Khelefu. Mpishi hawashi jiko mpaka mfumo umtambue. Mlango wa jela haufunguki mpaka mfumo uone hati ya Sultani.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya mfumo ule kila mtu alitoka kwenye kalibu, kama tofali. Kalibu ya Mpishi, kalibu ya Mfungwa, kalibu ya Sultani. Na kila kalibu ilikuwa na kiundaji: unakipa kinachotaka, jina au umri au nini, kinakutolea mtu wa mfumo. Kiundaji cha Sultani kilitumika mara moja tu, kisha kikatiwa alama ya faragha, asikiguse mtu. Mfumo ukapigwa muhuri, maandishi yake yakachomwa uani, na Sultani akalala usingizi wa raha.

Akalala kweli. Siku moja alikoroma barazani katikati ya hotuba yake mwenyewe. Vuai, mmiminaji kahawa, akacheka. Jela!

Vuai alikuwa na dada, Mize, fundi wa simu pale sokoni, mwembamba wa mwili, mpana wa mdomo. Baba hana, mama hana, ndugu ni huyo mmoja. Siku ya kwanza alilia. Ya pili akajifunga kanga kiunoni akaenda barazani.

"Mtukufu, nimemfuata kaka yangu."

"Atatolewa na nani?" Sultani akacheka. "Jela inafunguka kwa hati ya Sultani. Mimi sitii saini. Na mfumo haumjui Sultani mwingine."

"Basi nimuunde mwingine."

Waziri akameza tambuu yake nzima. Sultani, yeye, akapenda mchezo.

"Muunde! Lakini maandishi yamechomwa. Khelefu usimwulize. Muhuri usiuvunje. Nikimaliza kikombe hiki cha kahawa hujaweza, utakaa jela na kaka yako mpaka mzeeke. Ukiweza, naapa mbele ya baraza, Vuai yu huru."

"Nina ruhusa ya kuziuliza kalibu zenyewe?"

"Kalibu zina mdomo?"

"Zinao, Mtukufu. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuzisemesha."

"Zisemeshe!" Akapiga funda la kwanza, akakunja uso. Tangu Vuai afungwe, kahawa ya jumba ilikuwa kama maji ya kuoshea birika.

Mize akaketi mbele ya kompyuta ya baraza. Mafundi wana ujuzi wanaouita uakisi: unaiambia programu ijitazame yenyewe, kama mtu kwenye kioo, iseme ina kalibu gani, kila kalibu ina viundaji vingapi, na kila kiundaji kinataka nini. Huvunji kitu. Unauliza, inajibu.

"Kalibu ya Mpishi," akasoma kwa sauti. "Kiundaji kimoja. Kinataka vitu tisa: jina, umri, afya, miaka ya kazi, kujua kuonja chumvi..."

"Safi! Jumba langu haliokoti watu ovyo."

"Kalibu ya Mfungwa. Kiundaji chake kinataka kitu kimoja."

"Kosa lake."

"Jina lake."

"Na kosa?"

"Halitakiwi, Mtukufu."

Mtu akakohoa huko nyuma. Sultani akapiga funda la pili, refu. "Hayo hayakuhusu! Kiundaji cha Sultani kina alama ya faragha. Hukipati."

"Faragha si kufuli, Mtukufu. Ni pazia. Limewekewa watu wenye adabu."

"Na wewe?"

"Mimi nina kaka jela."

Akaandika mstari mmoja, kuuambia mfumo usiijali ile alama. Akaandika wa pili, akakiita kiundaji kwa jina na kukipa kilichotaka. Kompyuta ikalia ting! Sultani wa pili huyo, jina lake Nyau, kama paka wa Mize. Sultani Nyau akatia saini hati, na ng'ambo ya ua komeo la jela likalia kwaa! Kikombe cha Burhani kilikuwa bado nusu.

Vuai akaingia barazani, macho yamevimba. Mize akamkumbatia, akalia mbele za watu bila haya.

"Askari!" Sultani akanguruma. "Mrudisheni jela!"

Askari wakaenda kwenye mlango wa jela, wakarudi wakikuna vichwa. "Mfumo unataka hati, Mtukufu. Unauliza, ya Sultani yupi?"

"Ya Sultani wa kweli! Huyo Nyau si Sultani! Hana ukoo!"

"Kiundaji hakikuuliza ukoo," akasema Mize.

"Hana haki!"

"Hakikuuliza haki."

"Kiliuliza nini basi?"

"Jina na kiti."

"Jina na kiti tu? Nani aliagiza upuuzi huo?"

Baraza zima likamgeukia Khelefu. Maskini akainama. "Mtukufu, nilipokuuliza Sultani anahitaji nini, ulinijibu hivyo hivyo."

Sultani akawa mwekundu, akamgeukia Mize. "Na wewe, ulipoona ni vitu viwili tu, hukuona aibu? Kuutolea mji mtawala asiye na akili hata chembe!"

"Nilitaka kumtia akili, Mtukufu," akasema Mize, akimshika kaka yake mkono. "Kiundaji kikanijibu hakina pa kuiweka, na kwamba Sultani wa kwanza alitoka hivyo hivyo."