Siku Nankondo Alipopuliza Pembe

Mlima ulioungua haunywi.

Mmeusikia msemo huo jana kwa kina mama waliokuwa wakihamisha mbuzi kutoka korongoni, mkacheka, na leo mnaniuliza umetoka wapi. Umetoka kwangu, yaani umetoka kwenye ujinga wangu. Siku ile kijiji kizima kilikuwa na mjinga mmoja tu, naye ndiye huyu anayewasimulia. Kaeni, ila msikae mbali na mlango. Nawe Kisaka, usinitazame mimi, sura hii hukuanza kuijua leo. Tazama mawingu kule mlimani Ikongwe. Yakishuka mpaka kwenye ule weusi ulioachwa na moto wa mwezi uliopita, unikatize hata kama nipo katikati ya neno.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule nilikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa letu la mawe na udongo pale juu ya korongo. Kazi yangu ilikuwa kuziba tundu lake jioni na kulizibua asubuhi ili maji yaende mashambani. Tena nilikaa na pembe. Pembe ile ikilia, kila mwenye mikono alitoka na jembe lake kuja msaragambo, kazi ya wote, na hakuna aliyeuliza kuna nini. Nikiwa na pembe mkononi nilijiona mtu mkubwa, na kweli nilikuwa na kichwa kikubwa.

Mwezi wa tisa mrina asali mmoja aliacha mwenge wake ukiwaka, na Ikongwe ikaungua siku nne. Ilipofika vuli tulikuwa tumekaa miezi mitano bila tone. Sasa, desturi yetu ni kwamba mvua ya kwanza haiachwi ipite. Mlinzi huziba ndiva mapema, maji yajae, maharage yapandwe. Asubuhi moja wingu likatanda mlimani, nikaita watu tutengeneze ukuta.

Hapo kwenye kazi uliletwa uji. Mimi, kwa kuogopa kwamba wengine watanitangulia kwenye kata ya pili, niliubugia ukiwa unachemka. Ulishuka kama kaa la moto. Kazi ilipokwisha ikaja dengelua, pombe ya miwa ya shemeji yangu Nankondo, ambayo watu walikuwa wakiivukia vijiji viwili kuja kuionja. Jua kali, kiu imenibana, kibuyu kipo mkononi, nami siwezi kumeza hata funda moja. Watu walicheka mpaka wakaweka majembe chini.

Nankondo alikuwa mke wa kaka yangu, aliyekuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge. Yeye na wanawe wawili walikaa na mama yangu katika nyumba yetu ya zamani, korongoni, chini kabisa ya ndiva. Mchana ule, baada ya kutugawia dengelua, alikuwa amepanda Ikongwe kuokota kuni za magogo yaliyoungua. Nilikuwa nimeshaziba tundu kwa kigogo na udongo pale aliposhuka, akapitia nyumbani, kisha akanijia, mweusi hadi kwenye viwiko, bila kuni.

"Shemeji, zibua," alisema.

"Umeanza kulewa pombe yako mwenyewe?"

Hakucheka, na huyo alikuwa mtani wangu wa kila siku. Alikunjua pindo la khanga, akamwaga chini udongo alioutoa mlimani. Akachukua kibuyu changu cha maji akaumiminia. Maji yakasimama juu yake yakibingirika vidonge vidonge, kama juu ya jani la magimbi, kisha yakateleza pembeni. Akauparua udongo kwa kidole, akaupuliza. Vumbi kavu likaniruka usoni.

"Kule juu ni hivi kote," alisema. "Nyasi hakuna, mizizi imekuwa majivu. Mvua ikinyesha yote itashuka huku, na itakuja na mlima wenyewe. Zibua, halafu upulize pembe watu wa korongoni watoke."

"Huo ni udongo wa kwenye khanga," nikamwambia. "Mlima una kiu ya miezi mitano. Mwenye kiu umemwona wapi akikataa maji? Mvua hii yote itaishia kwenye ardhi, tena tukipata nusu ya ndiva tushukuru. Nikipuliza pembe kwa ajili ya wingu, watanicheka mwaka mzima."

"Wameshaanza kukucheka leo, hutaona tofauti."

"Kama unaogopa, chukua watoto uondoke."

"Watoto nimeshawapeleka kwa jirani yetu Naetwe, kule juu mgongoni mwa kilima. Mama yako ndiye hataki. Anasema hatoki kwa maneno ya mkwe, anatoka kwa pembe."

Nilicheka. Nataka mlijue hilo vizuri: nilicheka, na mama yangu alikuwa chini pale akichambua maharage.

Kisaka, yamefika wapi? Bado? Haya.

Mvua ikanyesha mlimani. Pale tulipokuwa sisi yalikuwa manyunyu tu, hata nikamwonyesha Nankondo mkono wangu, tazama, haujalowa. Yeye alikuwa anasikiliza. Kwanza ikaja harufu ya jiko lililomwagiwa maji. Halafu sauti, kama mtu anayeburuta gunia la mawe. Kisha mfereji wetu wa kuleta maji kwenye ndiva, uliokuwa mkavu, ukatema kitu cheusi, kizito kama uji ule wa asubuhi, na ndani yake magogo na mawe yakigongana.

Niliruka kwenye tundu nikavuta kigogo. Hakikutikisika, kwa sababu tope lilikuwa limeshakikalia. Ndiva niliyozoea kuiona ikijaa kwa usiku mzima, ilikuwa inajaa nikiitazama. Ukuta ukaanza kutoa jasho.

Nikashika pembe nikapuliza. Koo likawaka moto, pumzi ikakatika, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi mgonjwa. Nikajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Ndipo Nankondo akanipokonya pembe. Tangu mababu hakuna mwanamke aliyewahi kuipuliza, lakini aliipuliza mpaka mbwa wa ng'ambo wakajibu.

Watu wakatoka na majembe, wakidhani ukuta umepasuka na kazi inawasubiri. Njia ya kuja ndiva haipiti korongoni, inapanda mgongoni, nayo ndiyo iliyowaokoa. Wa mwisho alikuwa mama, na miaka yake sabini, jembe begani, akinilalamikia kutoka mbali kwa nini naita msaragambo mara mbili kwa siku moja. Alikuwa bado hajafika juu pale ukuta ulipoachia. Tope lilipita nyuma yake. Aligeuka akaiona nyumba aliyoolewa ndani yake ikiondoka na maharage yake, kisha akakaa juu ya jembe. Hakufa mtu. Lakini mama hakucheka na mimi tena mpaka mavuno ya mwaka uliofuata.

Mngedhani niliomba radhi. Siku ya nne wazee walikaa, Mzee Mrutu akiongoza, na wapo waliosema mwanamke kuishika pembe ni mwiko, lazima ajibu. Mimi, kwa aibu, nikajificha nyuma ya mwiko huo. Nikasimama mbele ya mama yangu nikasema kosa si langu. Nimefuata desturi. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu, na mlima ulikuwa na kiu. Nani angejua kwamba mwenye kiu atakataa maji?

Mzee Mrutu akamgeukia Nankondo. "Umesikia. Una la kujibu?"

Nankondo hakusimama hata. "Shemeji," aliniuliza, "siku ile ya kazi, pale nilipokupa dengelua, ulikuwa na kiu?"

"Sana."

"Na kibuyu kilikuwa mkononi mwako?"

"Ndiyo."

"Mbona hukunywa?"

Watu walishaanza kucheka. Nilimtazama mama, naye alikuwa ananisubiri.

"Koo lilikuwa limeungua," nikasema.

"Basi kaa chini, shemeji. Na mlima ulioungua haunywi."