Buku na Ghala la Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Eh, mbona mnajibu kama mnaumwa? Paukwa tena!

Pakawa, bibi!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo kale, kale sana, Buku na Kanga walikuwa majirani. Buku ni yule panya mkubwa wa shambani, anayejaza kunde mashavuni mpaka uso unafura. Shimo lake lina mlango wa mbele na mlango wa uani, na ndani chungu kimoja cha kunde.

Jioni Kanga anampelekea Buku sahani ya kumbikumbi. Asubuhi Buku anairudisha ina kunde. Maana huko kwao, kama kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Wanakula, wanacheka, wanalala.

Mwaka huo Mungu akaleta neema. Buku akapata chungu cha pili. Akacheza ngoma peke yake! Wiki haijaisha, ameshakizoea. Akaenda kuchungulia kwa Nungunungu, yule mwenye miiba. Nungunungu ana vyungu vitatu.

Roho ikamchoma. Akalia, "Nungu anavyo, mimi sina!"

"Huna nini, shoga?" Kanga akamuuliza. "Tumbo lako si moja?"

"Nyamaza! Wewe huna hata ghala, utajua nini?"

Akahangaika, akapata cha tatu. Kuchungulia, Nungu ana vinne. "Nungu anavyo, mimi sina!"

Akapata cha nne. Kuchungulia, Nungu ana vitano. "Nungu anavyo, mimi sina!"

Buku akasema, kunde za sahani ndizo zinanirudisha nyuma. Akairudisha sahani ya Kanga tupu. Kanga akasema, "Amesahau." Mara ya pili, tupu. "Labda anaumwa." Mara ya tatu, tupu. Kanga akaifuta, akaiweka kichagani. Hakusema neno. Wajukuu zangu, ugomvi wa maneno naweza kuuamua. Ule wa kunyamaza ndio unaonishinda.

Buku akazidi kujaza. Vyungu vikaisha, akamwaga kunde chini. Akajaza chumba cha kulala. Akajaza mpaka mlango wa uani. Mwenyewe kajibanza kwenye kona.

Mvua ikanyesha, maji yakaingia shimoni. Na kunde zikilowa zinafanyaje?

Zinavimba!

Ehe! Zikavimba. Zikaziba mbele, zikaziba uani, zikambana Buku mbavu.

"Nungu! Jirani yangu, nakufa!"

Nungu hakusikia. Yuko juu ya kichuguu, anachungulia ghala la Nguruwe, analia, "Nguruwe anavyo, mimi sina!"

Buku akaita kidogo, "Kanga, dada..." Aibu ikamshika, akanyamaza.

Lakini Kanga alishasikia. "Huyo mwenzangu!"

Mwanawe akamwambia, "Mama, si ndiye wa sahani tupu?"

"Ndiye. Na pumzi zinamwishia. Njooni mle!"

Kanga akaparura udongo, watoto wakadonoa. Ko, ko, ko! Akaita kwale, akaita njiwa. "Kuleni, mfikieni shangazi yenu!"

Huku ndani, kila kunde zikiliwa, Buku anapata pumzi. Mali yake inakwisha, naye anapiga kelele, "Kuleni! Kuleni jamani, msibakize!"

Tundu likafunguka. Buku akatoka amelowa, manyoya yamegandana, akamwangukia Kanga.

"Nisamehe, dada. Nilikutupa, wewe hukunitupa."

"Pumua kwanza. Tena kaa mbali, unanuka kunde zilizochacha!"

Ndege wote wakaangua kicheko. Buku naye akacheka, akalia, akacheka tena.

Sasa sikilizeni. Sisemi mali mbaya. Njaa haina raha, asiwadanganye mtu. Cha kufukuza njaa ukikipata, mshukuru Mungu. Lakini mali ya kumpita jirani haitoshi kamwe, maana jirani naye anamkimbiza mwingine. Na siku ukibanwa, atakayekufukua ni mwenzio. Mimi ninao nyie, alhamdulillahi, nimetajirika.

Ngano yangu imefika kizingitini. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni bibi yenu.