Bi Pimbi na Jani la Mistari Mitano

Hapo zamani za kale, enzi ambazo fisi alikuwa bado anaoga kila Ijumaa, wanyama walikuwa na nyumba, na majirani, na vyuo vya kupeleka watoto wao wakishaota pembe. Na palipo na majirani na vyuo, wajukuu zangu, hapakosi ugomvi. Tulieni basi. Nikianza mimi sirudi nyuma.

Kila mwaka, siku tatu kabla ya masika, Korongo aliyekuwa tarishi alipita nyumba kwa nyumba. Kila kijana alipewa jani moja la mgomba lenye mistari mitano. Mstari mmoja, chuo kimoja. Chuo cha kwanza kusema ndiyo, kuanzia juu kushuka chini, ndiko alikokwenda. Jani likishakauka halichoreki tena, na Korongo akisharuka nalo, basi.

Na yule aliyekataliwa na vyuo vyote? Loo! Huyo alipelekwa uani kwa Simba kuzoa mifupa mpaka masika ya mwaka mwingine. Na Simba mnamjua. Akishikwa na njaa hatofautishi mfupa na mzoa mifupa.

Sasa, alikuwapo binti mmoja wa Nyati, jina lake Mashavu. Mashavu alikuwa nayo kweli, na miguu minene, na huruma nyingi. Tena alijua matope. Msicheke! Alijua tope jeusi la kutuliza jipu, tope jekundu la kufunga kidonda, na la kijivu la kuua kupe. Kila aliyechubuka mbugani alimkimbilia yeye.

Lakini baba yake, Bwana Nyati, hakutaka kusikia habari za tope. Yeye alitaka Chuo cha Tai.

Ndiyo, Tai! Kule kileleni mwa mlima, wanakofundishwa kuruka angani. Mnauliza kisa? Kisa kilianzia kisimani. Mama Mashavu alikwenda kuteka maji akamkuta Bwana Kifaru anajigamba, "Mwanangu Mwinyi anakwenda kwa Tai. Nyie wengine endeleeni kutambaa." Maneno yakafika nyumbani kabla ya maji. Tangu hapo Bwana Nyati hakukaa kitako.

Asubuhi na mapema akampandisha binti yake juu ya kichuguu.

"Ruka!"

"Baba, mimi nina kwato."

"Kwani Mwinyi ana manyoya? Ruka!"

Mashavu akafumba macho, akaruka. Puu! Vumbi likatanda, kanga wakatawanyika wakipiga kelele.

"Umekaa hewani kidogo," akasema Bwana Nyati. "Nimeona kwa macho yangu. Tena!"

Puu!

"Baba Mashavu, utaniulia mtoto!" Mama Mashavu akapiga ukelele kutoka jikoni.

"Anajifunza!"

"Anajifunza kuanguka!"

Siku ya kwanza ikapita hivyo, puu, puu, mpaka kichuguu chenyewe kikabomoka.

Siku ya pili wakalichukua jani, wakaenda kwa Bi Pimbi, mwambani kwake. Mwenye kwato hawezi kuchora juu ya jani, atalitoboa. Bi Pimbi alikuwa na kucha ndogo, kali kama sindano, na yeye ndiye aliyewachorea watu wote. Kimo chake ni kata ya maji, mkia hana, lakini hakuna jambo la mbugani ambalo halikupita masikioni mwake. Namjua vizuri, ndiyo maana nampenda.

Tena sikilizeni hili. Mwezi mmoja kabla ya hapo jiwe lilimwangukia Bi Pimbi mguuni, likausaga. Mashavu alikwenda kila siku na tope lake jekundu, akaufunga, akaufungua, akaufunga, hadi Bi Pimbi akatembea. Bi Pimbi husahau kufagia, husahau chumvi, lakini wema hausahau.

"Chora!" Bwana Nyati akaamuru. Hakutulia. Alikwenda huku akarudi huku, kwato zikilia ko-ko-ko juu ya mwamba. "Mstari wa kwanza, Tai."

Bi Pimbi akachora mdomo wa tai. Kwaru!

"Wa pili?"

"Tai."

"Wa tatu je?"

"Tai! Yote mitano, Tai. Ajue kwamba tumeazimia. Tukitia na chuo kingine ataona tunamshuku. Na usinifanyie hila, Bi Pimbi. Kusoma sijui, lakini mdomo wa tai naujua, na kuhesabu hadi tano najua."

"Na akikataa?"

"Hakatai!"

"Jirani yako Bwana Kifaru naye alisema hivyo hivyo jana. Nimemchorea midomo mitano. Nilipotaka kumshauri akanionyesha pembe."

Bwana Nyati akasimama. "Kifaru ameweka mitano? Basi sisi tuweke sita!"

"Baba Mashavu," mkewe akasema taratibu, "mistari ni mitano."

Bi Pimbi akamtupia jicho Mashavu. Binti wa watu alikuwa amejiinamia, magoti yamechubuka yote mawili, kwa kuanguka kichuguuni. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama upande wa uani kwa Simba.

"Mh!" akaguna Bi Pimbi, akaweka jani chini. "Basi tena. Kuna siri nilitaka kukwambia, Bwana Nyati, lakini wewe una haraka."

"Siri gani?"

"Aa, wacha. Hutaniamini."

"Sema, we mwanamke! Jani linakauka!"

Bi Pimbi akamsogelea, akashusha sauti. "Tai anakulaje?"

"Ananyakua."

"Ananyakua nini?"

"Vifaranga vya watu."

"Ehe! Umeshamwona Tai akijisumbua na kitu kilichotupwa njiani, hakina mwenyewe?"

"Hata siku moja."

"Sasa wewe unamletea jani lenye midomo yake mitano. Maana yake mtoto huyu hatakiwi na mwingine yeyote. Kitu cha kutupwa njiani! Tai atalipita hivi." Akapitisha mkono juu ya jani, fyuu. "Lakini akute mstari wa pili mwingine anamtaka, wa tatu mwingine anamtaka... macho yatamtoka. Atataka kumpokonya!"

Bwana Nyati akaacha kutembea. Kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili, mwamba ukanyamaza.

"Na Kifaru hajui haya?"

"Hajui. Pembe zilinitisha, nikasahau kumwambia."

"Ha! Ha! Ha!" Bwana Nyati akacheka mpaka vijiwe vikaporomoka. "Tumtege Tai! Jaza, Bi Pimbi. Jaza chochote!"

"Aka! Chochote? Tai yuko mawinguni anamwona panya nyasini, ashindwe kuuona uongo juu ya jani? Lazima viwe vyuo ambavyo mtoto anavitaka kweli, na ambavyo navyo vinaweza kumtaka. Muulize."

"Nimuulize nani?"

"Mtoto."

"Mashavu?"

"Kwani unaye mwingine?"

Bwana Nyati akakohoa. Akajikuna shingo kwenye jiwe. Pembe zile, mabega yale, lakini kumuuliza mtoto kulimshinda. Mwishowe akasema, "Haya, wewe. Mashavu. Hivi unataka... unataka kusoma nini?"

Mashavu akamtazama mama yake.

"Sema, mwanangu," mama akahimiza. "Baba yako kauliza. Usingoje aulize mara ya pili."

"Nataka kwenda kwa Bi Kobe, Baba. Kule wanakofundisha uganga wa matope."

"Tope? Tope si tunalo hapo nyuma ya nyumba! Nitasema nini kisimani?"

"Safi sana!" Bi Pimbi akarukia. "Linakuudhi, kwa hiyo Tai ataamini." Kwaru! Mstari wa pili, gamba la kobe. "Lakini Bi Kobe huchukua wanne tu kwa mwaka, mwanangu. Mkono mzuri unao, ila wenye mikono mizuri ni wengi. Tutafute na kwingine."

"Kwa Pundamilia, mbio," akasema Mama Mashavu.

"Mama! Mbio siwezi. Nikifika kisimani tu nahema kama mvukuto wa mhunzi."

"Kweli. Basi kwa Tembo, wanaofungua njia msituni. Kifua unacho."

"Hapo sawa. Napenda."

Kwaru! Mkonga.

"Na kwa Nyumbu," Mashavu akaongeza, sauti imeanza kumrudia, "wale wanaovusha wenzao mtoni. Mto naujua, na wanaoumia huko ni wengi."

Kwaru! Ndevu za nyumbu. Kingo za jani zilikuwa zimeanza kujikunja.

"Wa mwisho," akasema Bi Pimbi, "naona tuweke kwa Ngiri. Kuchimba. Ngiri hajakataa mtu tangu azaliwe. Mwenye pua anaingia."

"Ngiri!" Bwana Nyati akapandisha. "Anayekimbia mkia juu kama bendera! Mtoto wa Nyati akachimbe mashimo na Ngiri? Hapana! Nasema hapana!"

"Baba Mashavu," mkewe akamwuliza polepole, "Ngiri, au Simba?"

Upepo ukavuma kutoka uani kwa Simba, ukaleta harufu ya mifupa.

Bwana Nyati akaligeuzia jani mgongo. "Chora pua," akasema.

Kwaru!

Siku ya tatu Korongo akapita, akabeba majani, akaruka. Wiki nzima Bwana Nyati alizunguka nyumba yake, akazunguka, akazunguka, akachimba mfereji kwa kwato. Akiitwa kula, anakula amesimama. Mkewe akamwambia, "Utatufanya tuishi kisiwani."

Siku ya nane, whuu, mbawa juu. Korongo akatua kwanza kwa jirani, na nyie mnajua ua wa miti hauzuii masikio.

"Tai amekataa. Tai amekataa. Tai amekataa. Tai amekataa. Tai amekataa."

"Soma vizuri wewe!" Bwana Kifaru akanguruma.

"Ndiyo yote, mzee. Mwinyi afungashe, kesho aripoti kwa Simba."

Mama Mashavu alishika kifua. Hakuna aliyecheka, hata Bwana Nyati.

Korongo akaruka ua, akatua kwao. Akakunjua jani. "Mstari wa kwanza. Tai anasema: 'Nimesoma mstari wangu tu, ya wengine hainihusu. Mtoto huyu ana moyo, hana mbawa. Hapana.'"

"Mstari wake tu?" akauliza Bwana Nyati.

"Wake tu. Huwa hasomi mingine."

"Huwa hasomi?"

Korongo alifungua mdomo aendelee, lakini alikuwa anaongea na vumbi. Bwana Nyati keshaondoka, gidi-gidi-gidi, ardhi inatetemeka, moja kwa moja mwambani.

"Wewe kidude kisicho na mkia! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya," ikajibu sauti kutoka kwenye ufa.

"Toka nikukanyage!"

"Ungekuwa wewe ungetoka?"

Bwana Nyati akarudi nyuma hatua kumi, akainamisha pembe, akaja. GONG! Mwamba ukakaa kimya kama haukuguswa. Bwana Nyati akakaa chini, paji la uso limepasuka, damu inamwingia machoni.

Mashavu akafika anahema, mama nyuma yake. Akapita pembeni ya mwamba, akarudi na tope jekundu, akampaka baba yake, akakandamiza, akapuliza.

"Inauma," Bwana Nyati akanung'unika.

"Tulia, Baba."

Akatulia. Damu ikakatika. Kile kichwa kilichokuwa kinawaka moto kikapoa.

"Haya umejifunza wapi?"

"Hapa hapa nyumbani, Baba. Wakati wewe unatazama mlimani."

Korongo naye akatua juu ya mwamba, amekasirika. "Mzee, unaondoka sijamaliza! Mstari wa pili. Bi Kobe anasema: 'Nimesikia habari za mguu wa Bi Pimbi. Nafasi nne, tatu zimejaa, ya nne ni ya huyu. Aje, na aje na tope lake jekundu.'"

Mama Mashavu akapiga vigelegele hadi kanga wakarudi kuona kuna nini. Mashavu akacheka na kulia pamoja, kwato zimejaa tope.

Bi Pimbi akachomoza pua. "Bwana Nyati, nifute, nirudishe midomo mitano?"

"Nyamaza wewe," akasema Bwana Nyati, lakini kwa sauti ya chini, maana alikuwa anapakwa dawa.

Kesho yake kisimani, nani alikuwa wa kwanza kufika? Yeye, na tope lake kwenye paji la uso kama kilemba. "Tai alimlilia binti yangu, jamani! Manyoya yalimtoka kwa kulia. Nikamwambia hapana, wangu ana kazi ya maana." Bi Pimbi alisikia, akanyamaza siku tatu nzima. Ya nne akanihadithia mimi.

Na Mwinyi, mtoto wa Kifaru? Alizoa mifupa mwaka mzima, akarudi amekonda, lakini mzima. Masika yalipokaribia, wa kwanza kubisha mwambani alikuwa baba yake, pembe ameinamisha.

"Hodi, Bi Pimbi. Samahani. Eti... kule kwa Ngiri bado wanachukua watu?"

Mkokoteni wangu wa maneno umefika, nashusha mzigo: mwanao muonyeshe mlima, lakini usimzibie njia ambazo miguu yake inazijua.