Bi Nungu Shimoni na Wajuao Watu Wote

Paukwaaa!

*Pakawaaa!*

Paukwa shimo!

*Pakawa wa kutumbukia!*

Na mwenye maneno mengi?

*Amwachie mwenye hadithi!*

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka, usituzibie upepo.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo beberu akihutubia watu hukaa kimya wakasikiliza, paliondokea nungunungu mmoja jina lake Bi Nungu. Alikuwa na mwanawe mchanga, wa kunyonya, na alikuwa na tumbo la ajabu. Nungunungu wenzake wote walikula mihogo. Yeye akionja mhogo, hata kipande cha kidole, tumbo lilimvimba likanguruma kama ngoma ya harusi, majirani wakatoka nje kuuliza nani anaoa. Basi mihogo aliiogopa kama moto.

Ng'ambo ya kichaka alikaa mkulima, mwanamke mmoja mkali wa maneno, akiitwa Bi Siwatu. Bi Siwatu alilima mihogo, na mihogo ikawa inaliwa. Analima, inaliwa. Anapanda, inaliwa. Akasema, "Nani mwingine? Nungunungu wote ni wezi wa mihogo." Akachimba shimo, jembamba, refu kwenda chini, akalifunika kwa majani, akaenda zake kunoa panga.

Asubuhi moja Bi Nungu alikuwa anarudi nyumbani mbio mbio kumnyonyesha mwanawe. Akakanyaga majani. Majani yakasema *fya!* Bi Nungu akasema "Uwii!" Na chini akafika.

Akajaribu kupanda, udongo ukamporomokea. Akajaribu tena, akateleza. Mara ya tatu akaanguka chali juu ya miiba yake mwenyewe, na hapo ndipo alipojua kwa nini watu hawamkumbatii.

Akatazama juu. Ukingoni palikuwa na gogo la mgunga limelala, limezuiwa na jiwe moja tu. Jiwe likiondoka, gogo litateremka shimoni, naye atapanda kama ngazi. Akapiga kelele, "Jamani! Nisaidieni!"

Akaja Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, hatua moja leo nyingine kesho. Akachungulia.

"Bwana Korongo, baba yangu, nisukumie hilo jiwe. Nina mtoto mchanga."

Korongo akafumba jicho moja, akafikiri. Akasema, "Nimeishi sana, nimeona mengi. Wenye miguu mifupi wote huona dunia ni shimo."

"Dunia si shimo, baba. Hili ndilo shimo."

"Umeona?" akasema Korongo. "Ndivyo walivyo." Akasimama kwa mguu mmoja ukingoni, ameridhika kama aliyeshiba.

Akaja Ngiri. Pembe za mdomo wake zilikuwa nyeupe pepepe kwa unga wa mhogo, na shavuni alibeba kipande kingine cha kutafuna njiani. Akachungulia.

"Kaka Ngiri, sukuma hilo jiwe. Teke moja tu."

"Teke nitalipiga," akasema Ngiri, akameza kwanza. "Lakini ukweli usemwe. Nungunungu wote ni wezi wa mihogo."

"Mimi mhogo sili! Hunivimbisha tumbo! Waulize majirani!"

"Wezi wote husema hivyo," akasema Ngiri.

"Ndivyo walivyo," akaitikia Korongo.

Na Ngiri akaketi. Teke akalisahau.

Akaja Mzee Beberu na ndevu zake. Huyu hakuchungulia hata kuchungulia. Alisikia tu kwamba kuna baraza, akakohoa, akasema, "Bismillahi. Katika maisha, hakuna akaaye shimoni ila amependa mwenyewe."

"Ndivyo walivyo!" wakaitikia wote wawili.

"Sikupenda, mzee wangu! Nilianguka!"

"Kila aangukaye alipenda kuanguka."

"Ndivyo walivyo!"

Basi, ndugu zangu, baraza likanoga. Korongo akasema warefu wote ni wapole. Ngiri akasema wapole wote ni wanafiki. Korongo akamkazia macho, wakataka kupigana, Mzee Beberu akawapatanisha kwa kusema kwamba wanafiki wote ni wafupi. Wakafurahi, wakakumbatiana. Jua likapanda. Kule chini Bi Nungu ziwa lilimjaa maziwa likawa linamuuma, na alijua mwanawe huko pangoni analia mpaka sauti imemkauka.

Akaita tena, "Jamani, jiwe! Jiwe moja tu!"

Mzee Beberu akashusha pumzi. Machozi yakamlenga. "Ndugu zangu," akasema, "siku hizi ulimwengu umeharibika. Siku hizi hakuna amsaidiaye mwenziwe. Hayupo hata mmoja."

"Hayupo!" akasema Korongo, na chozi likamtiririka kwenye mdomo wote ule, safari ndefu.

"Hayupo kabisa!" akalia Ngiri kwa kwikwi.

"Mpo nyinyi!" akapiga kelele Bi Nungu. "Mpo watatu! Nisaidieni nyinyi!"

Ngiri akapangusa kamasi. "Mnasikia? Na siku hizi watu wote wanataka kusaidiwa tu."

"Ndivyo walivyo!"

Hapo Bi Nungu akaacha kuita. Akakaa chini. Hasira zilimpanda mpaka miiba ikasimama yote, kisha zikashuka, na zilipokwisha kushuka akaona jambo. Akaona kwamba hawa hawajamtazama hata mara moja. Wanachungulia shimoni, lakini wanachokiona ni maneno yao wenyewe. Basi kama wanakula maneno, wapewe maneno.

Akacheka. Akacheka kwa sauti, hi hi hii.

Juu baraza likakatika. "Anacheka nini?" akauliza Korongo.

"Namcheka mzee Beberu," akasema Bi Nungu. "Amenifumania. Mimi niliona nimeficha, kumbe mzee ananijua. Kweli kabisa, hakuna akaaye shimoni ila amependa."

"Nilisema!" akasema Beberu. Kisha akakuna ndevu. "Ehe... na wewe umependa nini humo?"

"Ah, siwezi kusema. Nikisema, wote mtaingia."

"Sisi?" Wakakasirika wote watatu. "Sisi si kama wote!"

"Najua. Wote wangeingia kwa pupa. Nyinyi mngeingia kwa hekima. Lakini hapana, mahali penyewe ni padogo."

Ngiri akasogea. "Wenye akili hawaingii shimoni," akasema, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kuning'inia.

"Kweli, kaka. Wenye akili hawaingii. Wamekaa juu huko, akili zao wanazo. Wenye hekima ndio humu."

Yallah! Korongo hakungoja amalize. Alitanguliza kichwa kama apigaye mbizi, *chwii*, mdomo ukazama kwenye tope la chini mpaka machoni, miguu ikabaki juu kama nguzo mbili za kuanikia nguo. Ngiri akafuata, *pu!* Mzee Beberu akasema, "Wazee wote hutangulizwa," akaona wametangulia wenziwe, akajitupa, *pu!* juu ya Ngiri.

Bi Nungu hakungoja salamu. Akakanyaga mgongo wa Ngiri, akakanyaga kichwa cha Beberu, akashika pembe, akarukia ukingo, akatoka.

Nyuma yake akasikia Beberu akisema, "Nungunungu wote ni wasaliti," na Ngiri akijibu, "Ndivyo walivyo," na Korongo akisema kitu topeni, *mblu mblu mblu*, ambacho bila shaka kilikuwa ni hicho hicho.

Bi Nungu akakimbia mpaka pangoni. Mtoto akamrukia, akanyonya, akanyonya, akasinzia na ziwa mdomoni. Bi Nungu akafumba macho. Raha iliyoje!

Mara akasikia wimbo. Bi Siwatu huyo, anashuka shambani na panga lake:

*Panga langu lina njaa, nungunungu,*
*Shimo langu lina shibe, nungunungu!*

Bi Nungu akasema moyoni, "Shauri yao. Wasemaji wote ni..." Akaacha hapo hapo. Maana maneno yale yalikuwa matamu! Yalimkaa mdomoni kama kipande cha muwa. Akiyamaliza tu, basi hana haja ya kuinuka. Akiyamaliza tu, anaweza kulala na mwanawe na asisikie kitu. Akashtuka. "Ala! Kumbe ndiyo waliyokuwa wanayatafuna haya, kutwa nzima." Akayatema. Akamlaza mtoto, akatoka mbio.

Kule shimoni Bi Siwatu ameshafika. Ameinama, mkono mmoja kiunoni.

"Ahaa! Nimewapata, nungunungu watatu!"

"Mama, mimi ni beberu!" akalia Mzee Beberu. "Tazama ndevu! Tazama pembe!"

Bi Siwatu akatazama. "Kumbe nungunungu wana ndevu. Ndiyo maana sikuwaona siku zote, nilikuwa natafuta wasio na ndevu."

"Meee! Meee! Mama, nungunungu halii hivi!"

"Wezi wote husema hivyo."

Ngiri aliposikia maneno yale akajikuna sikio. Alijua ameyasikia mahali.

"Na hivi vijiti viwili?" akauliza Bi Siwatu.

"Miguu ya Korongo, mama."

"Nungunungu mwenye miguu juu! Huyo ndiye mkubwa wao." Akainua panga.

"Bi Siwatu!" ikaita sauti nyuma yake. "Waache hao. Nungunungu ni mimi."

Bi Siwatu akageuka, akamtazama Bi Nungu toka pua hadi mkia. Akacheka. "Wewe? Huwezi kuwa nungunungu. Nungunungu wote wamo shimoni."

"Nina miiba, mama."

"Hata mchongoma una miiba."

"Basi niitikise uione!"

"Tikisa."

Bi Nungu akatikisa. *Chakacha-chakacha-chakachaaa!* Miiba ikafunguka kama mwavuli. Bi Siwatu akaruka nyuma, hatua moja, mbili, panga likaruka likaangukia nyasini, na ukingo wa shimo ukamegeka. *Puuu!* Akakaa juu ya Mzee Beberu kama bibi harusi juu ya kiti.

"Mimi si nungunungu!" akapiga kelele Bi Siwatu. "Mimi ni binadamu! Nitoeni!"

Na wale wajuzi, kwa mazoea, wakaitikia kwa pamoja, "Wezi wote husema hivyo!"

Kisha pakawa kimya. Kimya kile, jamani, ungesikia sisimizi akipiga miayo. Bi Siwatu akamtazama Beberu. Beberu akamtazama Ngiri. Ngiri akatazama miguu ya Korongo, maana uso wake haukuwepo. Ikawa kama wote wamekula kitu kimoja na wote kimewakwama.

Bi Nungu akalichimbua jiwe. Gogo likateremka taratibu, likasimama shimoni kama ngazi. Akatoka Bi Siwatu, kanga imejaa tope. Akatoka Beberu, ndevu zimepinda. Akatoka Ngiri. Korongo wakamvuta kwa miguu, watu wanne, mpaka tope likasema *pwaa!* na mdomo ukatoka.

Bi Siwatu akajipangusa, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mihogo yangu nani anakula?"

Mzee Beberu akafungua mdomo. Bi Nungu akatikisa mwiba mmoja tu. Mzee Beberu akafunga mdomo.

Ngiri akainamisha kichwa. "Mimi, mama. Lakini nakuomba, usije ukasema ngiri wote. Mama yangu hajawahi kula cha mtu. Ni mimi. Mimi peke yangu."

"Na wewe, Bi Nungu?" akauliza Bi Siwatu. "Wewe unakula nini?"

"Maboga, mama."

"Maboga ya nani?"

Bi Nungu akatazama mawingu. "...Yako, mama. Lakini yale madogo."

Bi Siwatu akashika kiuno, akataka kukasirika, akakumbuka ametokea wapi sasa hivi. Kicheko kikamshinda. Akamwambia Bi Nungu, "Utakuja mlangoni uombe kama jirani, nikupe." Ngiri akalimishwa shamba zima kwa zile pembe zake mpaka zikang'aa, akafukia na lile shimo. Korongo akanyamaza msimu mzima, wengine wanasema ni busara, wengine wanasema ni tope. Mzee Beberu hadi leo, akianza kusema "Katika maisha...", hukohoa kwanza, akatazama nyuma yake kama kuna mwiba, ndipo akasema, "Katika maisha yangu mimi."

Basi, wasikilizaji wangu, funzo ni hili. Neno "wote" ni mto laini, ukiulalia huamki kumsaidia mtu. Ukimkuta aliye shimoni, usimwambie walivyo watu. Muulize jina lake, kisha sogeza jiwe.

Hapo ngano yangu imetua mzigo wake.

*Imetua vizuri?*

Mliokula utamu, tumekula pamoja. Mliopata makapi, nileteeni, nitayatafuna mwenyewe.