Kwa Nini Pipa la Chilonzi Hujazwa na Wakwe Wawili

Kulikuwa na wakati ambapo divai nyekundu ya Chilonzi ilikuwa mbili, na zote mbili, niseme ukweli, hazikuwa nzuri. Nyinyi wageni mlioshika glasi kwa vidole viwili, msinikunjie uso. Naeleza kama nilivyoelezwa na mama yangu, naye hakuwa mtu wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Divai ya kwanza ilitoka mteremko wa juu, kwenye mawe. Zabibu za kule ni ndogo, nyeusi, zenye ganda gumu, na divai yake ilikuwa na ukakasi wa kufunga mdomo. Ukinywa kikombe kimoja hupigi mluzi mpaka kesho. Ya pili ilitoka bondeni, kwenye udongo laini. Hiyo ilikuwa tamu na nyepesi, ukimeza umeshaisahau. Katikati kulikuwa na kibanda cha kukamulia, chenye birika la mawe na mapipa mawili ya mbao.

Shamba la juu lilikuwa la mjane aitwaye Mama Mbeleje. La bondeni lilikuwa la Chiduo, aliyemwoa Sechelela, mtoto pekee wa mjane huyo. Siku zile mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni wala kusalimiana, na wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ilikuwa heshima, tena heshima ya kweli, lakini aliyeingia kichakani ni Chiduo kila mara, na miiba ya huku mnaiona. Hata kibandani waligawana saa: mama asubuhi, mkwe alasiri.

Maneno yao yote yalipitia kwa Sechelela, akipanda na kushuka mteremko. Naye alichoka, na akichoka alifupisha. Mama alisema, "Mwambie mkwe wangu shamba lake limependeza sana, ila apogoe matawi ya chini." Chiduo akaambiwa, "Mama anasema upogoe." Chiduo akajibu, "Mshukuru mama. Nikimaliza kumjengea zizi lake nitapogoa." Mama akaambiwa, "Anasema baadaye."

Mambo yakaenda hivyo miaka mitatu, hadi kila mmoja akaamini mwenzake hamtaki hata kidogo. Mwishowe Chiduo akaamua kwamba mwaka ule, divai ikishaiva, angehamia kwa kaka yake, mwendo wa siku sita, yeye na mkewe na mtoto aliyekuwa tumboni. Sechelela alipompa mama yake habari hiyo, mama alichukua kisu akaenda kupogoa mizabibu aliyokwisha kuipogoa.

Mavuno yakafika. Sechelela alikuwa ameenda kujifungulia kwenye zahanati ya mapadre, mwendo wa siku nzima, na wiki hiyohiyo mchwa wakala kitako cha pipa moja. Alasiri Chiduo akakamua zabibu alizokuwa amekata, akajaza nusu ya pipa lililobaki zima. Jua likazama. Akaenda zake, akikusudia kurudi kesho na zilizobaki.

Alfajiri Mama Mbeleje akateremka na vikapu vyake, mavuno ya mwaka mzima. Akaliona pipa bovu, akaliona na lile zima, nusu lina maji ya zabibu za mkwe wake. Zabibu zilizokatwa haziwezi kungoja kwenye jua la hapa, na hakukuwa na mtu wa kumtuma. Kumimina kwenye chombo cha mkwe ilikuwa aibu sawa na kuingia chumbani kwake. Lakini alijua pipa la nusu huishia kuwa siki, na Chiduo pia alijua, basi akaona ile nusu haikuwa uzembe.

"Kaniachia nafasi," akasema peke yake. "Anaondoka, lakini kaniachia nafasi."

Akaketi juu ya kikapu akalia kidogo. Kisha akakunja kitenge, akanawa miguu, akakanyaga.

Chiduo alipokuja alasiri alikuta pipa limejaa mpaka mdomoni, maji yamekuwa meusi, maganda yakielea na povu. Akachovya kidole, akautambua ukakasi wa zabibu za juu. Mtu asiyekupenda hakupi mavuno yake yote. Zabibu zake zilizobaki akawagawia majirani, na tangu siku hiyo akawa na sababu kila wiki ya kutofunga mizigo.

Divai ilipotulia, Sechelela alikuwa amerudi na mtoto mgongoni. Desturi ilikuwa mwenye divai aonje kwanza. Akamwuliza mumewe ni ya nani. "Ya mama," akasema. Akapanda kwa mama. "Ya mumeo," akasema. Akashuka, akapanda tena, majibu yaleyale. Basi akasimama mlangoni mwa kibanda akapaza sauti: "Nimebeba mtoto, sibebi tena maneno! Njooni wote, mwulizane wenyewe!"

Wakaja, wakasimama wamepeana migongo. Mama akanywa, akaipitisha kata nyuma bila kugeuka, na Chiduo akanywa. Ilikuwa na zambarau mbivu, asali ya nyuki wadogo, na harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Ukakasi ulikuwapo bado, lakini sasa ulishika utamu mkono usikimbie. Ilikaa mdomoni muda mrefu.

Mama Mbeleje ndiye aliyegeuka.

"Mkwe wangu, ulijuaje kwamba nimeshavuna, hata ukaniachia nafasi?"

Chiduo angeweza kudanganya. "Mbukwenyi, mama," akasalimu kwanza, kwa kuwa hakuwahi kumsalimu. "Sikujua. Giza lilinikuta. Nilikuwa sijamaliza."

"Kumbe nimejimiminia bila kualikwa!" Mama akajifunika uso kwa kitenge.

"Nami nilipolikuta limejaa," Chiduo akasema, "nikadhani unaniambia nisiondoke."

Mama akakishusha kitenge, akamtazama machoni.

"Hapo hukukosea."

Hawakuhama.

Na tangu siku hiyo, hapa Chilonzi mkwe hujaza pipa nusu akaenda zake, mama mkwe hulijaza asubuhi, na kata ya kwanza huinywa wakitazamana. Mkwe wangu mimi ni yule pale mwenye shati la kijani. Kupogoa hajui, na kuimba ndiyo kabisa. Lakini kila mavuno, nikimwona anatoka kibandani pipa likiwa nusu, nalala usingizi mzuri, maana najua mwaka huu pia binti yangu yupo.